Gari la Mtumba Lililotembea Sana: Matunzo Yake Kabla ya Mteremko wa Salgaa

Kabla jua halijachomoza, barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret huwa tayari imeamka. Kutoka Molo na Kuresoi hushuka Probox zilizosheheni viazi, kutoka Njoro na Rongai huja pikapu za maziwa, na matatu hukimbiza abiria mjini kabla ya saa moja. Mengi ya magari hayo yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani kwa miaka kadhaa, na tangu hapo yamepita mikononi mwa mwenyewe wa kwanza, wa pili, pengine wa nne. Si ajabu kukuta gari ambalo mita yake inasoma kilomita 250,000 na bado ndilo linalolipa karo, linalolisha nyumba na kupeleka mgonjwa hospitalini usiku wa manane.

Gari la namna hiyo linaweza kutembea miaka mingine mingi. Ila halivumilii kupuuzwa jinsi gari jipya linavyovumilia, na Kaunti ya Nakuru si mahali pepesi kwa gari kuukuu. Barabara zinapanda na kushuka, vumbi ni jingi (jina lenyewe Nakuru husemekana limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi), na asubuhi za Molo na Mau Narok zina baridi ya kuumiza betri.

Kuna pia suala la maisha ya watu. Wakazi hawajasahau alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 pale Migaa, karibu na Salgaa, basi na lori zilipogongana na watu 36 wakafariki. Wala hawajasahau jioni ya tarehe 30 Juni 2023, ng'ambo kidogo ya mpaka wa kaunti katika makutano ya Londiani, lori lilipovamia magari na wachuuzi kando ya barabara na kuua watu zaidi ya 50. Si kila ajali husababishwa na ubovu wa gari. Lakini kwenye mteremko mrefu, gari lenye breki chovu halimpi dereva nafasi ya pili.

Mita inaposema uongo

Kwa sheria, gari linaloingizwa Kenya lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Masharti hayo yamo katika kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na Shirika la Viwango nchini, KEBS, na gari hukaguliwa huko huko litokako kabla ya kupakiwa melini. Wanunuzi wengi huuelewa vibaya ukaguzi huo. Cheti chake kinasema gari lilifaa kuwa barabarani siku lilipokaguliwa. Hakisemi oili ilibadilishwa lini wala mkanda wa taiming una umri gani. Gari ambalo mtaani huitwa "jipya" kwa sababu namba zake ni mpya huwa mara nyingi limeshafanya kazi miaka saba.

Mita nayo huchezewa. Mtu hurudisha hesabu nyuma ili gari lionekane halikutembea sana. Njia ya kumgundua haihitaji mashine. Tazama mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva upande anaopandia. Pedali iliyolika hadi chuma haikubaliani na kilomita 68,000. Kisha fungua mlango wa dereva utazame ukingo wake, na ufungue bonneti utazame kandokando ya injini: mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika stika zinazoonyesha tarehe na kilomita za siku walipobadilisha oili au mkanda. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni zile zile. Mwaka huenda ukaandikwa kwa hesabu yao, ambapo mwaka wa 25 wa Heisei ni 2013. Ikiwa stika inasema mkanda ulibadilishwa gari likiwa na kilomita 102,000, na mita leo inasoma 74,000, hakuna haja ya kumuuliza muuzaji swali jingine.

Washa pia swichi bila kuwasha injini na utazame taa za dashibodi. Taa ya oili, ya betri na ya injini zote zinapaswa kuwaka, kisha zizime injini inapowaka. Taa ya injini isipowaka kabisa, huenda ikawa imeng'olewa makusudi kuficha hitilafu.

Kwa gari lisilo na kumbukumbu yoyote, ushauri wa mafundi waangalifu ni mmoja: lichukulie kana kwamba halijawahi kufanyiwa servisi. Badilisha oili na filta yake, filta ya hewa, maji ya rejeta na mafuta ya breki, kagua plagi na mikanda, kisha uandike kilomita za siku hiyo. Hapo ndipo hesabu yako inapoanza, hata kama mita ni ya uongo.

"Tyuni" ya zamani na ya sasa

Wazee waliomiliki Peugeot 504 na Datsun wanakumbuka fundi akiitegea sikio injini huku akikaza na kulegeza skrubu ya kabureta. Hiyo ndiyo iliyokuwa tyuni. Katika magari mengi ya leo kazi hiyo inafanywa na kompyuta, na hakuna skrubu ya kukaza. Mtu akikuambia anataka "kutyuni" Vitz au Wingroad yako kwa bisibisi, mshukuru uende zako.

Tyuni ya sasa ni plagi, filta, usafi wa njia ya hewa na mafuta, na kusoma kompyuta pale taa ya injini inapowaka. Plagi za kawaida huchoka baada ya kilomita 20,000 hivi, ilhali zile za iridiamu hufikia karibu 100,000. Plagi iliyokufa hulifanya gari litetemeke likisimama, lishindwe kupanda mlima na linywe petroli kupita kiasi. Taa ya injini ikiwakawaka kwa kumetameta badala ya kutulia, maana yake silinda moja haichomi vizuri, na petroli isiyochomwa inaharibu kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye ekzosi. Punguza mwendo, tafuta fundi siku hiyo hiyo.

Oili: hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Gereji nyingi hubandika karatasi inayosema rudi baada ya kilomita 5,000. Hilo ni sawa. Kosa ni kudhani kwamba kati ya siku hizo mbili hakuna kazi. Injini iliyotembea sana hula oili, na watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. Vitabu vya Toyota huruhusu hadi lita 1 kwa kila kilomita 1,000.

Chukua Probox ya injini ya 1NZ, ambayo hubeba lita 3.7 hivi za oili. Tuseme inakula nusu lita tu kwa kilomita 1,000, kiasi ambacho hakitoi hata moshi wa kutisha. Ikifika kilomita 5,000 bila kuongezwa itakuwa imemaliza lita 2.5, na iliyobaki ni lita 1.2. Mahali fulani kati ya Gilgil na Naivasha, kwenye kona, pampu itavuta hewa badala ya oili. Injini ikikwama, mwenye gari atalaumu oili aliyouziwa, kumbe hakuvuta kijiti cha kupimia hata mara moja.

Pima oili kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Futa kijiti, kirudishe, kitoe tena, usome. Ongeza kidogo kidogo usipite alama ya juu. Moshi wa buluu unaotoka asubuhi gari linapowashwa kisha ukakata, mara nyingi ni mipira ya valvu. Unaotoka kila unapokanyaga kupanda mlima ni ringi, na hapo bei ni nyingine.

Maji yanachemka mapema huku juu

Jambo moja la kimaumbile linawahusu wenye magari wa Bonde la Ufa kuliko wa pwani. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Molo, karibu mita 2,500, ni nyuzi 92. Sasa, injini nyingi zimeundwa zifanye kazi zikiwa na joto la kati ya nyuzi 85 na 95. Kwa maneno mengine, kama rejeta ingekuwa sufuria iliyo wazi, maji yake yangechemka ukiwa unaendesha kawaida tu.

Kinachozuia hilo ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho si kizibo tu. Kina springi na mpira vinavyofungia presha ndani, na tarakimu iliyochorwa juu yake, kama 0.9 au 1.1, ni kipimo cha presha hiyo. Kifuniko kizima cha 1.1 huinua kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Mpira ukipasuka au springi ikilegea, presha inatoroka na maji yanachemka njiani kupanda Mau Summit ingawa rejeta, pampu na feni vyote ni vizima. Ni spea ya bei nafuu kuliko karibu zote za mfumo huo, na ndiyo inayosahauliwa. Nunua yenye tarakimu ile ile iliyotoka na gari. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Maji yenye presha yatakurukia usoni.

Ikiwa gari huchemka kwenye foleni mjini lakini hutulia likiwa barabara kuu, shuku feni. Likienda vizuri mjini na kuchemka likipanda mlima likiwa na mzigo, shuku rejeta iliyoziba, pampu ya maji au gasketi ya hedi. Mapovu yasiyoisha ndani ya rejeta injini ikinguruma, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, ni dalili za gasketi. Utando mwepesi mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee usikutie hofu mara moja. Asubuhi za baridi na safari fupi fupi huweza kuuleta.

Kuna desturi katika gereji zetu ya kuondoa thamostati gari linapochemka. Gari hutulia kwa muda na fundi hulipwa. Lakini thamostati ndiyo inayoifanya injini ifikie joto lake upesi. Ikiondolewa, injini hutembea ikiwa baridi, hunywa mafuta zaidi, unyevu hubaki ndani ya oili, na ugonjwa halisi uliosababisha joto unaendelea chini kwa chini. Kama imeharibika, iwekwe nyingine.

Na maji gani? Maji ya visima vingi vya kaunti hii yana madini mengi, floridi ikiwemo. Yakichemshwa na kupoa kila siku huacha ukoko ndani ya mirija myembamba ya rejeta, na hula alumini. Kulanti si maji ya rangi ya kupendezesha. Huzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Iliyo tayari kutumika imwagwe ilivyo, na ile nzito ichanganywe na maji safi yasiyo na chumvi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Dharura ikikupata Kikopey, tia maji uliyonayo ufike nyumbani, kisha uyamwage.

Vumbi la Gilgil na mafuta ya taa kwenye dizeli

Anayepita barabara za ndani za Gilgil na Naivasha mwezi wa Februari anajua vumbi jeupe lile, laini kama unga. Filta ya hewa inayodumu mwaka mzima Nairobi huziba hapa kwa miezi michache. Filta ya karatasi hupulizwa kwa hewa kutoka upande wa ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, na si zaidi ya mara mbili tatu kabla ya kubadilishwa. Haioshwi kwa petroli wala kwa sabuni. Ikitoboka hata tundu la sindano, vumbi la volkano huingia kwenye silinda na kuzikwangua kama msasa. Kuendesha bila filta kabisa "ili gari lipate nguvu" ni kuiuza injini kwa bei ya filta.

Wenye magari ya dizeli wana lao. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulisumbua nchi kiasi kwamba mwaka 2018 Serikali ya Kitaifa iliweka ushuru maalumu wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu na injekta, na mafuta ya taa hayalainishi. Dizeli ya bei ya ajabu inayouzwa kwa mtungi kando ya barabara inaweza kugharimu injekta nne. Toa maji kwenye filta ya dizeli kila servisi, na zaidi wakati wa mvua za masika.

Breki, na desturi ya kuteremka "free"

Kutoka Mau Summit kwenda Salgaa barabara inashuka kilomita baada ya kilomita. Madereva kadhaa, wa malori na wa magari madogo, wana mazoea ya kutoa gia na kuliacha gari lijiteremkie, wakidhani wanaokoa mafuta. Katika gari la kompyuta dhana hiyo si kweli. Ukishuka ukiwa kwenye gia na mguu umeondoka kwenye akseleta, kompyuta hukata mafuta kabisa na magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukitoa gia, injini inalazimika kunywa mafuta ili isizime. Kwa hiyo "free" haiokoi kitu, na inaondoa breki ya injini ambayo ndiyo ingebeba uzito mwingi. Kuzima injini ni hatari zaidi, kwa sababu nguvu inayosaidia pedali ya breki huisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani huwa mzito kama wa trekta.

Breki zikibaki peke yake hupata moto. Joto hilo hupita kwenye pedi hadi kwenye mafuta ya breki, na hapa ndipo umri wa gari unapoingia. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani mwezi baada ya mwezi. Mapya ya DOT 3 huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi. Yakishafyonza unyevu huweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hugeuka mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kushika. Dereva anayeponea husema breki zilikataa ghafla. Hazikukataa ghafla. Mafuta hayo hayakuwa yamebadilishwa tangu gari liondoke Japani.

Yabadilishwe kila miaka 2, yote, si kuongezwa juu tu. Pedi zikibaki unene wa milimita 3 zibadilishwe, na breki za dramu za nyuma zifunguliwe zisafishwe vumbi na kurekebishwa, maana gereji nyingi hugusa za mbele peke yake. Kwenye mteremko tumia gia ile ile ambayo ungetumia kuupanda. Wenye gari la otomatiki wasidhani hawana uwezo huo. Herufi na namba kama 2, L, S au B zilizo chini ya D ziliwekwa kwa kazi hiyo.

Mzigo ni sehemu ya breki. Probox ya mizigo iliundwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watu watano. Kilo 400 ni magunia manane ya viazi ya kilo 50, yale yanayokubalika kisheria. Kila gunia linaloongezwa juu ya hapo linaongeza safari ya kusimama, linakandamiza shoki na kuchemsha matairi, na kwa gari la kilomita 250,000 ongezeko hilo halina mahali pa kujificha.

Mkanda wa taiming

Injini nyingine zina mnyororo ndani, nyingine mkanda wa mpira. Ni muhimu kujua lako ni lipi kabla ya kusafiri. Probox na Vitz za 1NZ zina mnyororo. Subaru za injini ya EJ, kama Forester na Impreza nyingi zinazoonekana mjini Nakuru, zina mkanda, na hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Hiace za dizeli za miaka mingi nazo zina mkanda, na baadhi huwasha taa iliyoandikwa T-BELT. Gereji nyingine huizima taa hiyo bila kugusa mkanda, kwa hiyo taa iliyozimika si ushahidi.

Mkanda haulii kabla ya kukatika. Ukikatika, katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni, na bili inaweza kukaribia bei ya injini nyingine. Fundi anapoufungua, badilisha pia pampu ya maji na roli zake ikiwa zinazungushwa na mkanda huo, kwani kazi ya kufika pale ndiyo ghali. Kama hujui ulibadilishwa lini, jibu ni sasa.

Gia, matairi na chini ya gari

Kuhusu gia otomatiki, ujumbe ni mfupi: weka oili ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na si nyingine. Magari yenye gia ya CVT, kama Nissan Note na AD Van za karibuni, hutumia oili yake maalumu, na oili ya kawaida ya otomatiki huiua. Kwa gia ambayo haijaguswa miaka mingi, mwaga iliyomo ujaze kiasi kile kile, urudie baada ya miezi michache. Usikubali isukumwe yote kwa mashine mara moja.

Tairi lina umri wake hata kama meno yamejaa. Ubavuni kuna tarakimu nne baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Baada ya miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi liondolewe. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo. Meno yakilika hadi kuwa sawa navyo, yamebaki milimita 1.6, na kwenye mvua tairi hilo litaelea juu ya maji. Kuwa mwangalifu na matairi ya mtumba yanayopakwa rangi nyeusi yang'ae. Soma tarakimu kwanza.

Barabara za Kuresoi na Subukia humaliza bushi na boli joint. Mlio wa kogo-kogo kwenye matuta usiachwe hadi mwisho wa mwezi. Boli joint ikichomoka, gurudumu hulala ubavu na gari haligeuki tena.

Fundi, spea na oili chafu

Fundi wa jua kali mwenye miaka 20 kazini anaweza kumshinda mwenye jengo la vioo, lakini kuna maswali ya haki ya kumuuliza yeyote. Je, ana cheti cha NITA cha Daraja la III, II au I? Je, atakuonyesha spea aliyoitoa? Je, ana mashine ya kusoma kompyuta au anabahatisha kwa kubadilisha kimoja kimoja kwa pesa zako? Chuo cha Kitaifa cha Anuwai cha Rift Valley mjini Nakuru na vyuo vya ufundi vya kaunti hufunza umakanika, na kijana aliyepita huko haoni haya kusoma kitabu cha gari kabla ya kulifungua.

Spea bandia zimejaa. Pedi za breki, filta na plagi ndizo zinazoigwa zaidi. Dai risiti yenye jina la duka. Muuzaji wa bandia huwa mzito kuandika.

Oili chafu inayotolewa isimwagwe mtaroni. Mifereji ya mji wa Nakuru huelekea ziwani, na Ziwa Nakuru limo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu tangu 1990, tena ni sehemu ya urithi wa dunia tangu 2011. Kumwaga oili chafu ardhini au majini ni kosa chini ya sheria za mazingira. Kupaka nguzo za fensi au kunyunyizia barabara kupunguza vumbi nako huipeleka oili hiyo kwenye udongo na visima. Gereji inapaswa kuihifadhi kwenye pipa na kuikabidhi kwa mchukuaji mwenye leseni ya NEMA. Mteja ana haki ya kuuliza pipa liko wapi.

Sheria na daftari

Sehemu ya 55 ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza gari kutumiwa barabarani likiwa sehemu zake, taa na matairi yakiwemo, haziko katika hali inayotakiwa. Haijali kama gari ni la biashara au la kwenda kanisani. Magari ya abiria na ya mizigo ya biashara hukaguliwa kila mwaka na NTSA, na mjini Nakuru kuna kituo cha ukaguzi. Nafasi huombwa mtandaoni. Ukaguzi huo hauchukui mahali pa servisi: gari linaweza kupita Jumatatu na kuishiwa oili Ijumaa.

Mwenye gari anaweza kuanza na daftari la shule la kurasa 48, liwekwe kwenye droo ya mbele. Kila kinachofanywa kiandikwe: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, jina la gereji. Ukurasa wa kwanza uandikwe yale yasiyojulikana bado, kwa mfano mkanda wa taiming au mafuta ya breki, na yakatwe moja moja yanapofanywa. Gari likiuzwa, daftari liende nalo.